Dumu la Dang'a

Kaka yangu Gidahosh alikuwa akiniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha. Nilimaliza kidato cha nne Mbulu, nikarudi nyumbani karibu na Balangdalalu mama alipofariki. Tulibaki wawili, na ng'ombe wachache. Sasa naye hayupo, na siku ile naikumbuka mimi peke yangu.

Ilikuwa mwaka 1983. Shamba la ngano la serikali lilikuwa limefika hadi nyuma ya zizi letu. Njia yetu ya zamani ilikuwa imelimwa, na aliyeonekana ndani ya ngano alishikwa na walinzi. Jirani yetu mmoja alirudi kutoka huko na mkono uliovunjika. Hakusema kilichompata, nasi hatukumuuliza.

Asubuhi hiyo, saa kumi na mbili, ng'ombe wa mama alizaa ndama jike. Ndiye ng'ombe wa mwisho wa wale aliokuja nao mama alipoolewa. Saa mbili alikuwa amekufa, kiwele kikiwa hakina hata tone. Gidahosh alimkausha ndama kwa majani makavu, akamfunika kwa shuka yake. Akaniambia huyu akienda, cha mama kimekwisha.

Nilijua la kufanya, na ndilo lililonitia hofu. Bwana mifugo, Reginald, mtu wa Bukoba, alikuwa ametuambia kuwa ndama lazima apate dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, kabla saa sita hazijapita tangu azaliwe. Asipoyapata, ugonjwa wowote utamchukua. Ng'ombe wa mama Julius, aliyeishi ng'ambo ya shamba, alikuwa amezaa jana yake. Kwa kuzunguka shamba ningerudi jioni. Kwa kukata ngano, ilikuwa mwendo wa saa moja.

Gidahosh alitaka kwenda yeye. Nilimkatalia. Mwanaume mwenye fimbo wangempiga kwanza, wakamuuliza baadaye.

Nilichukua dumu la bluu. Kunyweshea ndama kwa dumu lilikuwa wazo langu tangu mwanzo. Miezi mitatu nyuma ndama wetu mmoja alikufa kwa kuhara, na Reginald akasema kibuyu hakisafishiki ndani, tuwanyweshe ndama kwa chombo kinachosuguliwa kwa maji ya moto. Gidahosh alipewa dumu lile na dereva wa trekta wa shamba, kwa kubadilishana na kibuyu cha maziwa. Nililisugua kwa jivu na mchanga hadi mikono ikachubuka. Hata hivyo ndama wawili wengine walikufa, ndimi zao zikiwa na vidonda. Tulidhani ugonjwa umezidi nguvu.

Ngano ilinifika kifuani. Niliinama, nikaenda hivyo hivyo mgongo ukiniuma. Kila upepo ulipopita nilisikia watu wakija. Mara moja nilisikia trekta, nikalala kifudifudi, nikakojoa kidogo bila kutaka.

Mama Julius hakuuliza mengi. Alikamua, akajaza dumu nusu, akaninyooshea mkono kuelekea kwetu.

Nilikuwa katikati ya shamba nikirudi mtu aliposimama mbele yangu. Sikumsikia akija. Alikuwa na koti la kijeshi na rungu, na chupa ya chai imening'inia begani.

"Shikamoo, baba," nilisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Marahaba. Umebeba nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, ng'ombe wa mama, ndama, saa sita. Alichukua dumu, akaligeuza, akatazama kitako chake. Akafungua kifuniko, akanusa. Kisha akamwaga maziwa yote chini.

Nilipiga magoti. Niliona yale maziwa ya manjano yakiingia ardhini, nikamwambia anipige tu, nimebaki na nini.

"Nyamaza, binti," alisema. "Haya madumu ni ya dawa ya magugu. Tumeamriwa tuyatoboe tuyafukie, watu wanayaiba. Mwenzangu mmoja alitia pombe ndani ya moja, akainywa. Alikaa siku tisa akifa." Akanitazama. "Mnalitumia tangu lini?"

Nilikuwa nawaona wale ndama wawili, na ndimi zao.

Alimwaga chai yake, akaisuuza chupa kwa maji aliyokuwa nayo, akanipa. Akanitanguliza mbele yake hadi ukingo wa shamba upande wa mama Julius, ili wenzake wakituona wadhani amenikamata. Hakusema jina lake. Nililijua baadaye, Alfredi. Alisema tu kuwa nikirudi nipite pale pale, na kesho asinione.

Mama Julius alikuwa amemwachia ndama wake maziwa yaliyobaki. Alimvuta pembeni, akakamua tena, kidogo kidogo. Chupa haikujaa.

Nilifika nyumbani saa saba. Ndama alikuwa amelaza kichwa, masikio ya baridi. Gidahosh alichovya vidole katika dang'a akavitia mdomoni mwake. Hakuna kitu. Akarudia. Sijui alirudia mara ngapi. Halafu nikaona koo lile dogo likicheza, na Gidahosh akasema polepole, "Ananyonya kidole, Mwalimu. Ana meno huyu."

Siku tatu hatukulala vizuri. Siku ya nne aliruka zizini akamwangusha Gidahosh, naye alicheka akiwa bado kwenye samadi.

Ndipo nilipomweleza habari za dumu. Nilikuwa nimeliacha kule kwenye ngano, nikamdanganya kwamba limepotea. Alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanilaumu kwa ajili ya wale wawili.

"Siku ambazo hakukuwa na ndama wa kunyweshwa," alisema, "nilikuwa nalichukua machungani. Maji yangu ya kunywa hayakumwagika humo kama kwenye kibuyu."

Nilimuuliza alikunywa siku ngapi. Akasema hakuhesabu. Kisha akauona uso wangu, akasema, "Mimi si ndama."

Ndama yule alizaa mara nane. Wajukuu wake wapo zizini hadi leo. Gidahosh aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Mwishoni alikohoa, akakonda, pumzi ikawa fupi hata akiwa amekaa. Daktari aliandika ugonjwa wa kifua. Nilimweleza juu ya dumu, akaniuliza lilikuwa la dawa gani, nikashindwa kumjibu, karatasi yenye jina la dawa ilikuwa imebanduka kabla halijafika kwetu. Akasema miaka ni mingi, hawezi kujua.

Nami sijui. Nikikaribishwa maji nyumba ya watu, nanusa kikombe kwanza. Wengine hudhani nina maringo ya shule.