Shuka za Melini

Dobi aliikamua shuka ya mwisho ya nyumba ya wageni, akaitandaza juu ya lami ya uwanja wa ndege na kuikandamiza pembe kwa mawe. Hakuna ndege iliyotua pale tangu wanamaji wa vita walipokwenda zao, lakini joto la lami ile lilikausha nguo kuliko kamba yoyote.

Bahari ilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Hata hivyo mahali pale paliitwa Melini. Wanamaji wale waliuhesabu uwanja wao kuwa meli, na mtu akitoka getini walisema anashuka. Baba yake dobi, aliyekuwa bawabu wao, aliushika msemo huo, na wapangaji waliohamia mabwenini mwao baada ya vita wakaurithi. Jioni watoto waliitwa, "Pandeni, giza linaingia." Marehemu mumewe alikuwa akisimama getini kila asubuhi na kumwambia mkwewe, "Naomba ruhusa kushuka, mzee." Naye mzee alikuwa akijibu, "Shuka, lakini urudi na mkate."

Dobi alicheka peke yake, kisha akawaombea wote wawili.

Alifuta mikono akaenda ofisi ya mradi. Mabweni yalikuwa yabomolewe kupisha nyumba mpya, na wapangaji wa zamani waliahidiwa vyumba humo. Jana yalisomwa majina, lake halikusikika.

Karani alikuwa akimenya karanga. "Mama, tulipopita kuuliza unaishi wapi, ulijibuje?"

"Melini."

"Basi ndiyo hivyo. Wakubwa wameona anayeishi melini ni baharia. Hana nyumba ya kubomolewa, hana ya kupewa."

"Mwanangu, bahari iko wapi hapa?"

"Hilo ungelisema siku ile."

"Si ulinikuta mlangoni pangu? Hata maji ya kunywa nikakupa."

Karani aliangalia maganda ya karanga. "Maji nilikunywa, mama, sikatai. Lakini kilichokwenda juu hakirudi. Meli imeshazama, tafuta nchi kavu."

"Haijazama," alisema dobi. "Imeuzwa."

Aliporudi, tingatinga lilikuwa limelaza bweni la kwanza na sasa linanguruma ukingoni mwa lami. Dereva alitoa kichwa dirishani, akapunga mkono kuelekea getini.

"Mama, shuka!"

Alimwelewa vizuri; hata dereva alikuwa ameshauokota msemo wao. Ila tangu azaliwe, neno hilo lilikuwa la kuombwa kwa adabu na kuitikiwa kwa mzaha. Hakupata kulisikia likitupwa hivyo, kama mfupa.

Alizitazama shuka zilizotandazwa.

"Bado mbichi," alijibu.

"Nasema wewe ndiye ushuke!"

"Nami nakwambia bado mbichi, baba."

Dereva alimkodolea macho, kisha akazima mashine na kujiegemeza kwenye usukani. Dobi aliinama, akaondoa jiwe la kwanza, akaigeuza shuka upande wa pili polepole, pembe baada ya pembe.