Nusu ya Juu ya Ukuta

Fundi rangi alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wote waliofanya naye kazi: alizungumza na kuta. Akiingia chumba kipya aligonga lipu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akasema, "Wewe umekunywa maji, wewe," au, "Tulia mama, utapendeza." Mkono wake wa kulia ulikata kona za dari, yaani ulipaka pale ukuta unapokutana na dari, kwa brashi tupu, bila utepe wala rula, na mstari ukatoka umenyooka kama uzi uliovutwa. Watu walimfuata kutoka mbali kwa ajili ya mkono ule.

Mkono uleule ndio uliomgeuka.

Kwanza yalikuja maumivu ya begani, ya kupita tu, naye akayaita uchovu. Kisha yakahamia kabisa, na mizigo yao yote. Akiulalia upande ule aliamka huku ameuma meno. Miezi ikapita, maumivu yakalegea kidogo, lakini sasa mkono wenyewe ukagoma kupanda. Aliuinua, ukafika usawa wa kifua, ukagota kama droo iliyokwama. Kuvaa fulana kukawa mieleka. Akahamia kwenye mashati ya vifungo, na mkewe, mwalimu wa chekechea, akamsifu kwamba siku hizi anajipenda.

Aliyejua siri hiyo alikuwa shemeji yake peke yake, kaka wa mkewe, fundi mwenzake wa miaka mingi, mwanamume mrefu wa kuinama kila mlangoni ambaye watu walimwita Mlingoti.

"Shemeji, tugawane kazi," Fundi alimwambia asubuhi moja wakikoroga rangi. "Wewe una urefu, mimi nina umri. Juu kwako, chini kwangu."

"Na dari?"

"Dari iko juu au iko chini?"

Mlingoti akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ni lile bega?"

"Dada yako asijue. Atanipeleka hospitali."

"Si ndiko wanakopelekwa watu?"

"Ndiko wanakoambiwa waache kazi," alisema Fundi, na kijiti chake kikazunguka kwenye ndoo kwa kasi kuliko ilivyohitajika.

Hofu yake ilikuwa hapo. Moyoni alikuwa ameshajihukumu: mfupa umeoza, au msuli umekatika, na kwa vyovyote vile mambo yamekwisha. Mtu asiyefika juu ya ukuta ni fundi rangi wa nini? Wa miguu ya meza? Akaona heri akae hivyohivyo, asiulize wala asijibiwe.

Wakaendelea kugawana kuta kama ndugu waliogawana shamba, mpaka likizo ilipofika na wakapewa kazi ya kupaka madarasa ya shule ya chekechea, ileile anayofundisha mkewe. Fundi alijaribu kuikwepa, lakini atasema nini? Siku ya tatu mkewe, Mwalimu, akapita kuona kazi inavyokwenda.

Alisimama katikati ya darasa, mkoba mkononi, akautazama ukuta mkubwa. Chini, rangi ililala laini kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga. Juu, ilikuwa na mawimbi, na mahali pengine alama za rola zilionekana waziwazi. Kati ya chini na juu palikuwa na mstari uliopita ukuta mzima, usawa wa kifua cha mtu.

"Huku juu kapaka nani?" aliuliza.

"Mimi, dada," alisema Mlingoti.

"Na chini?"

"Shemeji."

"Tangu lini?"

Mlingoti akainua macho kwenye dari, ambayo nayo alikuwa ameipaka yeye, na haikumsaidia.

Mwalimu akaweka mkoba chini. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa amewahoji watoto wenye chaki mdomoni waliokana kula chaki. "Fundi," alisema kwa sauti ya upole, "hebu nyoosha mkono juu, kama wanafunzi wangu."

Fundi akanyoosha wa kushoto, hadi juu kabisa, tena akachezesha vidole.

"Vizuri sana. Sasa ule mwingine."

Mkono wa kulia ukapanda, bega zima likajikunja kuelekea sikioni, na ukagota palepale usawa wa mstari wa ukutani. Fundi akatazama viatu vyake. Alingoja kufokewa. Mkewe alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, akasema, "Kumbe ndiyo sababu ya mashati. Nami nikadhani unajipendekeza kwangu."

"Hilo nalo lilikuwemo," alisema Fundi.

Kesho yake walikuwa hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Daktari alikuwa ameshampiga picha na hakuona mfupa wenye kasoro. Akapimwa na sukari, kwa maana wenye kisukari hupatwa zaidi na mambo haya, nayo ikaonekana iko sawa. Aliyempokea sasa alikuwa mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu anayekanda unga. Alimwambia alegeze mkono kabisa, kisha akajaribu kuuinua yeye mwenyewe. Ukagota.

"Ungekuwa msuli tu uliochoka au kuchanika, kwa kawaida mimi ningeweza kuupandisha hata kama wewe huwezi," alisema. "Huu unanigomea hata mimi. Bega lako limeganda. Kiungo kimezungukwa na mfuko laini, na huo mfuko umevimba, ukasinyaa, ukakaza."

"Nimekatika nini?"

"Hujakatika kitu."

"Hamna kilichooza?"

"Nani kakwambia habari za kuoza?" Mtaalamu akacheka. "Bega la hivi huganda, hukaa, kisha huyeyuka. Linachukua muda, pengine mwaka na zaidi, na linataka mazoezi ya kila siku, bila kulazimisha mpaka uone nyota. Wengi wanarudi kwenye kazi zao."

Fundi alifungua mdomo kujibu. Mwalimu, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, alimjibia. "Ataanza leo," alisema.

Chumba kile kilikuwa na wenyewe, nao walikuwa mabibi. Kulikuwa na wenye magoti yaliyolika, mwenye nyonga mpya, na mwenye mgongo uliomshika akifua mashuka. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mnene aliyeitwa Kamanda, mwenye magoti yaliyolia kama mlango wa ghala. Alimpima Fundi kuanzia unywele hadi ukucha.

"Mmeniletea mume," aliwaambia wenzake. "Tena ana mkono mmoja, hatanishinda nguvu."

"Nina mke, bibi," alisema Fundi.

"Nimemwona. Tutaelewana naye."

Tangu siku hiyo hakupata nafasi ya kujionea huruma. Akiinama kuuning'iniza mkono na kuubembeza kama kengele, Kamanda alimhesabia. Kamanda naye akishindana na kiti, akisimama na kukaa bila kujishika, Fundi alimhesabia, na alipodanganya hesabu ili bibi apumzike mapema, bibi alimrudisha mwanzo. "Goti bila misuli ya paja ni nyumba bila nguzo," alisema huku jasho likimtoka. "Mimi nataka kupanda ngazi za kwa binti yangu kwa miguu yangu. Hesabu vizuri, mume wangu."

Nyumbani kulikuwa na zoezi la ukutani: kusimama mbele ya ukuta na kutambaza vidole kwenda juu, kama buibui asiye na haraka. Mwalimu alileta vibandiko vya nyota, vile anavyowabandikia watoto madaftarini, na kila Jumapili alibandika kimoja pale kidole kilipoishia.

"Unaniharibia ukuta," Fundi alilalamika. "Hiyo gundi haitoki."

"Utapaka upya. Si wewe fundi?"

Nyota zilipanda polepole. Wiki nyingine ziligandana mahali pamoja, na Fundi akanuna siku nzima. Wiki moja nyota ilishuka chini ya mwenzake, maana alikuwa amejifanya shujaa akabeba ndoo mbili za rangi. Mtaalamu akamsema, Kamanda akamsema, na Mlingoti, aliyekuwa ameanza kujifunza kukata kona kwa brashi akisimamiwa kutoka chini, akampokonya ndoo kimyakimya.

Kisha Kamanda akaingia chumbani asubuhi moja amevaa viatu vipya, akatangaza kwamba jana amepanda ngazi zote za kwa binti yake, amepumzika mara moja tu, tena kwa heshima ya jirani aliyetaka kumsalimia. Mabibi walimpigia makofi. Fundi naye alipiga makofi, mikono yake ikiwa juu ya kichwa, na mtaalamu peke yake aliona, akatabasamu bila kusema neno.

Fundi mwenyewe alikuja kujua baadaye, kazini. Walikuwa wakipaka sebule ya nyumba mpya, na Mlingoti alikuwa ametoka kuchota maji. Juu, karibu na dari, tone la rangi lilianza kuteremka kwenye ukuta uliokwishamalizwa. Fundi alikunja uso, akasema, "Unakwenda wapi wewe?" akalifuta kwa brashi, akavuta mstari mmoja mrefu pembeni mwa dari kulisawazisha.

Ndipo akagundua mkono ulikuwa wapi.

Mlingoti aliporudi alimkuta amesimama vilevile, mkono wa kulia umepanda, hataki kuushusha.

"Shemeji, umekwama tena?"

"Nipigie dada yako simu."

Mwalimu alipokea akiwa darasani, na nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kalamu ya rangi. Fundi akamweleza: kona, dari, mkono wa kulia. Upande wa pili Mwalimu akapenga kamasi.

"Unauma?" aliuliza.

"Kidogo. Kama mtu anayejinyoosha akitoka usingizini."

"Basi ushushe taratibu, halafu uunyanyue tena. Watoto wanataka kupiga makofi, na wanauliza waanze lini."

Fundi akaushusha taratibu, kisha akaanza kuupandisha tena pamoja na brashi yake. Mlingoti akaweka ndoo chini, akaishikilia simu karibu na ukuta ili brashi isikike ikifika darini, na wote wawili wakangoja makofi.