Ndiyo Kabla ya Swali

Marion alikuwa saluni Awendo, rangi ya kucha haijakauka, akiangalia kwenye simu nafasi aliyobuku kwa ajili ya akina mama wa kanisa katika nyumba ya wageni kisiwani Takawiri. Kidole kikateleza, tarakimu ya mwisho ya anwani ya tovuti ikabadilika. Ukafunguka ukurasa wa mtu mwingine kabisa: jina, simu, kitambulisho, yote peupe, wala hakuulizwa nenosiri.

Marion, aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja Migori, alishtuka. Akabadilisha tarakimu tena apate uhakika. Lo! Jina la Nicanor, mpenzi wake! Chini, penye ujumbe wa siri kwa mwenyeji, palisomeka: "Jumapili mniwekee meza ufukweni. Namvisha Marion pete. Asijue!"

Alipiga ukelele hadi msusi akadondosha kitana.

"Umeumwa na nini?"

"Si kitu!" Akacheka peke yake kama mwehu. Kisha akawakumbuka wale wageni wengine, ambao tapeli yeyote angeweza kuwachungulia vilevile. Akampigia Roselyn, mwenye ile nyumba ya wageni.

"Anti, ile plagini, kile kiprogramu cha kubuku kwenye tovuti yenu, haiangalii anayefungua ni nani. Kila mtu anaona siri za kila mtu. Izimeni kwanza!"

"Yawa! Umeona za nani?"

"Mgeni mmoja… na kijana wa meza ufukweni."

"Usiniambie wewe ndiwe Marion wa pete!"

Wakaangua kicheko wote wawili. Roselyn akaizimisha plagini siku hiyohiyo, akawaandikia wageni kuwaeleza na kuwaomba radhi. Marion alimsihi asimwandikie Nicanor, atamweleza mwenyewe.

Wiki nzima alijizoeza kushangaa mbele ya kioo. Jumapili ilipofika, Nicanor akampeleka Takawiri, akapiga goti mchangani, mkono ukipapasa mfukoni.

"Ndiyo!" Marion akapaza sauti.

Nicanor akabaki mdomo wazi. "Sijauliza bado!"

"Basi uliza haraka!" Akamsimulia yote kwa pumzi moja.

"Kumbe ulijua, na mimi silali kwa woga!" Nicanor akacheka hadi machozi. Roselyn, aliyekuwa akileta sinia la samaki, akapiga vigelegele vikali, Nicanor, aliyekuwa ndipo anaitoa pete, akashtuka, ikamponyoka. Wote watatu wakapiga magoti mchangani kuitafuta, wakisukumana na kucheka.