Machicha ya Lutuku

Scholastique alipokuta ndoo yake ya machicha haipo kando ya pipa la lutuku, ile pombe kali ya mahindi, aligeukia nyumba ya jirani. Alijua ni nani. Wifi yake Bénédicte alikuwa amekuja asubuhi kuomba chumvi, macho yakizunguka kila kona.

Ni huyo Bénédicte aliyesimama mbele ya akina mama wa parokia kabla ya Pasaka. "Mikate ya huyu iko chakula ya nguruwe! Anaokota takataka ya pombe, anatulisha siye!" Akina mama wakacheka, wakampokonya Scholastique kazi ya kuoka mikate ya sikukuu, wakampa Bénédicte. Lakini mikate yake ya ngano tupu haikumpendeza mtu. Mtaa mzima wa Mudzipela ulitamani ile ya Scholastique, ile ya mahindi yanayobaki lutuku ikishatoka, yakakaushwa, yakasagwa, yakachanganywa na ngano.

Sasa komunyo ya watoto ilikuwa Jumapili, na mwokaji alikuwa Bénédicte tena. Kupitia ua, Scholastique alimwona wifi yake akitandaza machicha juani. Hakuwa ameyaosha. Machicha huoshwa kwa maji matatu, la sivyo uchachu hujificha ndani ya unga mpaka uguswe na moto.

"Mama, hautamwambia?" binti yake Martine aliuliza.

"Nimwambie nini? Mimi iko mutu wa nguruwe."

Jumapili, mama Jeanine, mkubwa wa mama wa parokia, aliuma mkate wa kwanza. Akautema kwenye leso. Watoto waliovaa nyeupe wakalia kwamba mikate inachoma ulimi. Bénédicte aliuma wake, akameza kwa nguvu, machozi yakimlengalenga.

Jumatatu alifika mbio kwa Scholastique. "Uliniona! Ulikuwa hapo kwenye ua!"

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza?"

"Wifi, nguruwe hawaoshewi chakula."

Jioni mama Jeanine alikuja mwenyewe, akamwomba Scholastique aoke tena.

"Nitaoka, mama. Lakini Bénédicte ndiye ataniosheaga machicha. Hapa, mama wote wakiona."

Bénédicte alichuchumaa kwenye beseni siku nzima ya Ijumaa, vidole vimekunjamana, mama wa parokia wamekaa kwenye mikeka wakitaniana. Maji ya tatu yalitoka safi kabisa.

Scholastique aliinama, akayaangalia.

"Mwaga," akasema. "Anza tena."