Gia Isiyosalimu

Shemeji alilileta gari mwenyewe. Sindano alilisikia tangu kwenye kona ya mtaa, linaunguruma kwa gia ya pili kama mtu anayekoroma huku amekabwa. Likaingia uani, likaruka mara mbili kama chura, likazimika pua ikikaribia kugusa benchi la kazi.

"Usikimbie," shemeji alisema dirishani. "Breki ndiyo somo pekee nililofaulu."

Sindano alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Ile ilikuwa pikapu ya kaka yake, bluu iliyochujuka, na kaka yake alikuwa na miezi miwili kaburini. Kwa miaka sita gari lile halikuwa limekanyaga ua huu.

Shemeji, mjane wake, alishuka akajishika kiuno. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na marehemu ndiye aliyekuwa akizisambaza.

"Sasa nasambaza mimi. Leseni ninayo, nguvu ndiyo sina. Gia ya tatu naisukuma kwa mikono miwili, usukani namwachia Mungu. Na rivasi ndiyo kituko, ikiingia inachomoka yenyewe. Nilainishie, shemeji."

"Nitalainisha."

"Na lingine." Alimtazama usoni. "Ukishafungua, uniambie kosa lilikuwa la nani. Lake au lako. Nimechoka kuishi na ugomvi nisioujua undani wake."

Sindano akaitikia kwa kichwa.

Pale mtaani watu waliwaita ndugu wale Nyundo na Sindano. Kaka mtu, kifua kama kabati, ndiye Nyundo: kunyanyua, kuvuta, kugonga. Mdogo mtu alikuwa na vidole vyembamba, basi kila kinachoingia kwenye tundu kilikuwa chake: gololi, springi, pini. Walifungua giaboksi pamoja miaka kumi na minne, na walikuwa na neno lao. Gia ikiingia vizuri, ukasikia ule mguso mdogo kiganjani, ko, walisema imesalimu. Hakuna gari lililotoka uani kabla gia zote hazijasalimu. Mteja akiuliza kama tayari, Nyundo anamjibu, "Ya nne bado ina kiburi, mzee. Imepita hapa haijaamkia mtu."

Giaboksi ya mwisho waliyofunga pamoja ilikuwa ya pikapu hii, ya Nyundo mwenyewe. Ikagoma. Tatu na nne zikawa ngumu kama kung'oa jino zima. Sindano hakungoja kuifungua tena. Alisema palepale, mbele ya wateja, "Umeigonga fimbo ya gia, umeipinda. Nyundo hata uipeleke chuo, itarudi nyundo."

Watu wakacheka. Aliyepelekwa chuo alikuwa Sindano, na aliyempeleka alikuwa kaka yake.

Nyundo alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akapanda gari lake na gia yake ngumu, akaenda kufungua gereji yake upande wa pili wa soko. Toka siku hiyo wakikutana walipishana kama magari.

Sasa Sindano aliingia uvunguni mwa gari. Jirani yake, fundi wa viti vya magari, aliacha ngozi na uzi akaja kumsaidia kushusha. Waliipokea giaboksi kifuani, mmoja huku mmoja huku, wakatembea nayo hatua fupi fupi.

"Nzito hii," fundi viti alisema. "Giaboksi au jene..." Akajing'ata ulimi.

"Malizia tu," Sindano alisema. "Ni kweli."

Waliitua juu ya benchi bila kugongesha chuma.

Akaondoa mafuta machafu, akaosha kwa mafuta ya taa, akatandika shuka kuukuu kwa ajili ya kupanga vipande. Alipofika kwenye kiungo cha mfuniko, mkono ukasimama. Gundi nyekundu ilikuwa palepale ilipopakwa miaka sita nyuma, na kwenye pembe kulikuwa na alama ya dole gumba, kovu la bisibisi likikatiza katikati. Alitazama dole gumba lake. Kovu lile lile.

Kwa hiyo hakuna aliyefungua. Nyundo, fundi mzima, mwenye spana zote, aliliendesha gari lile hadi alipokufa na hakuwahi kuifungua giaboksi yake.

Alichomoa ile fimbo aliyoisema, chuma cha ndani kinachosukuma gia. Akailaza juu ya kipande cha kioo na kuisukuma kwa kidole. Ikabingirika mpaka mwisho bila kuyumba. Fimbo iliyopinda hubingirika kama kilema. Akairudisha, akaisukuma tena. Akaigeuza kichwa na mkia, akasukuma mara ya tatu, kama mtu anayebembeleza shahidi abadilishe maneno. Ilikuwa imenyooka kama siku iliyotoka kiwandani.

Zikabaki springi. Kila fimbo inashikwa na gololi, na kila gololi inakandamizwa na springi yake. Huo ndio mguso unaokusalimu kiganjani. Springi ni tatu. Mbili ni fupi na laini, ya tatu ni ndefu na ngumu, nayo ni ya rivasi, ili dereva asiirukie kwa bahati mbaya. Alizichomoa moja moja na kuzisimamisha juu ya shuka.

Ile ndefu ilitoka kwenye tundu la gia ya tatu na ya nne. Rivasi ilikuwa na fupi.

Sindano alivuta kopo tupu la rangi akakaa. Springi zilikuwa kazi yake. Nyundo hata angetaka, vidole vyake visingepenya pale. Ilikuwa kosa la dakika moja, la mtu anayepiga soga huku anafunga, na aliyekuwa akipiga soga siku ile alimjua vizuri sana.

Kuzibadilisha springi zile ni kazi ya dakika mbili. Tena kwenye mzizi wa mkono wa gia bushi, kile kipete cha plastiki kinachoushika usicheze, lilikuwa limelika kweli. Akimwonyesha shemeji bushi, hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amesema ukweli mdogo ili ule mkubwa ulale.

Alifanya kazi siku mbili bila redio. Alisugua kingo za vijishimo vya gololi kwa msasa laini, akaweka bushi jipya, akapaka grisi. Akaingiza springi, kila moja kwake, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Shemeji alipokuja, alimwonyesha bushi kuukuu kiganjani. "Lilikuwa limekwisha. Ona."

Shemeji alilitazama, akamtazama na yeye. "Hili tu?"

"Twende tulijaribu."

Waliingia barabara ya nyuma ya soko. Moja. Mbili. Kwa mazoea shemeji aliuandaa mkono wa pili, lakini ya tatu iliingia kwa vidole vitatu tu. Ko.

"Weee!" Alicheka, machozi yakamlengalenga. "Imenisalimu! Kaka yako alikuwa akiniambia hilo neno, nikidhani ni porojo zake."

"Simamisha gari, shemeji."

Akasimamisha.

"Fimbo haikupinda. Springi zilibadilishana mahali, na niliyezitia ni mimi. Kaka hakuwa na kosa. Nilimwaibisha bure."

Injini iliendelea kunguruma taratibu. Shemeji aliondoa mkono kwenye gia akauweka pajani.

"Nilimwambia afungue, ajitoe lawamani," alisema. "Mara ngapi! Akaniambia, 'Nikifungua nitakuta ni mimi, au ni mdogo wangu. Nikikuta ni yeye, nimfanyie nini? Acha iwe ngumu. Mkono ninao.'"

Sindano aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa dashibodi. Shemeji hakumshika bega, wala hakumharakisha. Alipoona anapumua sawasawa, alikanyaga klachi, akavuta rivasi. Ikaingia kwa heshima, ikatulia.

"Mimi umeniambia," alisema, akigeuza gari. "Lakini siku ile hukunichekesha mimi, uliwachekesha watu."

Alimteremsha langoni, akaenda na sare zake. Sindano alitembea moja kwa moja hadi kwa fundi viti, aliyekuwa ameinamia siti huku redio ikipiga kelele.

"Unalikumbuka lile neno nililomwambia kaka?"

"Lipi?"

"La nyundo."

Fundi viti akasimamisha sindano yake ya ngozi hewani. "Mtaa huu nani asiyelikumbuka?"

"Basi zima redio. Na uwaite wenzako."