Tundu la Yeyo

Mama mkwe wangu, Namunyak, alikuja kwetu Kitengela kwa ajili ya kliniki ya macho. Na kwa wiki tatu za kwanza mimi Gathoni nilikuwa mjinga wa kutosha nyumba nzima.

Ilikuwa Julai, baridi ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mama yangu mzazi nilimzika mwaka juzi, na sikuwa tayari kumwona huyu naye akitetemeka kwangu. Basi nikaziba dirisha la chumba chake kwa nailoni na selotepu, pande zote. Nguo nilianika kwenye korido, maana nje vumbi la malori huzirudisha kwenye beseni. Jioni nilimwekea sufuria ya maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, nikafunga mlango. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Kila asubuhi nailoni ilikuwa na tundu la ukubwa wa kidole. Nikalaani panya, nikabandika selotepu. Kesho yake, tundu jingine. Nikanunua sumu.

Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaasai, akaanza kukohoa. Godoro likawa baridi na zito, ukuta nyuma ya kitanda ukaota madoa meusi. Mimi nikaongeza sufuria ya pili. Alhamisi akamwambia mume wangu Lemein, kwa upole, "Jumamosi unirudishe nyumbani. Kifua imekataa hapa." Nilikwenda jikoni nikalia, na hata kitunguu cha kusingizia sikuwa nacho.

Jirani yetu Evalyne, ambaye ni muuguzi, alikuja na kisaa kidogo cha kupima unyevu wa hewa. Alikiweka kando ya kitanda, tukangoja. Asilimia themanini na sita.

"Ikipita sitini ni shida," alisema. "Mvuke ya nguo, ya sufuria, na pumzi ya mtu, yote umefungia hapa. Haina pa kutokea, inalala kwa ukuta. Hii kuvu ndio inamkohoza. Gathoni, unapika mama ya wenyewe!"

"Na hawa panya nao wanatoboa nailoni!" nilijitetea.

Yeyo alicheka mpaka akakohoa. Akachomoa kwenye shuka yake sindano nene ya kushonea shanga.

"Mtoto wangu, panya ni mimi."

"Yeyo! Si ungeniambia?"

"Nyumba yangu nilijenga na hii mikono. Nikaacha tundu karibu na kitanda, hewa ipite. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hii ni yako. Nitakuambia aje ufungue wapi?" Akairudisha sindano kwenye shuka. "Lakini nilikuwa nataka kupumua."

Wiki tatu alikuwa akiniheshimu huku akikosa hewa. Niliona aibu, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Nikamtia mkasi mkononi. "Yeyo, hii nyumba ni yako pia. Kata."

Aliikata nailoni yote. Nguo zikatoka nje zikapambane na vumbi lao, sufuria zikarudi jikoni, ukuta tukausugua kwa siki. Ijumaa jioni kisaa kilisoma hamsini na nane.

Jumamosi Lemein aliwasha gari, akaingia kuchukua mfuko wa mama yake. Aliukuta nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, mtupu, zipu wazi, ukipigwa na jua.

"Unakauka," Yeyo alimwambia. "Zima gari."