Mawe ya Kufunga

Chenge alipotajirika kwa minofu ya sangara, alinunua nyumba ya mawe kule Butimba, kisha akaona haya kwamba ni ya mawe. Bernadeta alipopata habari kwamba anaibadilisha alikwenda mbio. Nyumba hiyo aliijenga baba yake, Shimba, na arobaini yake ilikuwa bado haijafika.

Hata Mzungu mnunuzi wa pamba aliyeijengesha hakuwa na akili nyingi. Alileta picha ya nyumba ya shamba ya babu zake Uingereza, yenye miaka mia tatu, akataka iwe vile vile: paa la mteremko mkali ili theluji iteleze, vidirisha vya kuzuia baridi, meko ya kuotea moto sebuleni. Theluji, Mwanza! Shimba aliicheka mpaka anakufa. Lakini ukuta hakuufanyia mzaha. Alisimamisha kuta mbili mgongo kwa mgongo, na kila baada ya hatua mbili akalaza jiwe refu la kufunga, likipita toka nje hadi ndani, kichwa kikichomoza. Lile la mlangoni alilichonga unyayo wa simba, maana Shimba kwa Kisukuma ni simba.

Bernadeta alimkuta Chenge ameketi kwenye kiti cha plastiki, tumbo limetangulia mbele, mafundi wakiyang'oa mawe hayo kwa mtaimbo.

"Aliyejenga hapa alikosea vipimo, dada. Yametokeza kama meno ya ngiri. Nayatoa, napiga lipu, halafu nachora mistari ya mawe."

"Unafunika mawe ili uchore mawe?"

"Ya kisasa."

Mafundi wakacheka.

"Hayo ndiyo yanayoushika ukuta, bosi. Ukiyang'oa, utaachana," Bernadeta akasema.

"Uhandisi umesomea wapi? Jikoni?"

Kaburi la Shimba lilikuwa na msalaba wa vijiti tu. Jina lake lilibaki ukutani pale. Bernadeta akaomba jiwe moja tu liachwe, la unyayo.

"Lichukue kabisa," Chenge akasema. "Kifusi sikiuzi."

Bernadeta alimtazama, akautazama ukuta. Alikwisha kumwonya, na mpumbavu hapigiwi ngoma mara mbili.

"Asante, bosi."

Jiwe likapakiwa kwenye toroli, likaenda kusimama kichwani pa kaburi la Shimba.

Masika yalipokuja, ukuta wenye mistari ya kijivu ulitoa tumbo, likatangulia mbele kama la Chenge mwenyewe. Kila apitapo kwenda sokoni, Bernadeta huliinamia kidogo.

"Shikamoo, bosi."